Uzi wa Tatu wa Shemeji Thurmond

Kwa miaka thelathini na sita gitaa la pedali la kanisa letu limelia sawasawa kwa sababu yangu. Kulipiga sijawahi. Siku moja niliweka juu yake bakuli la saladi ya viazi, nikafukuzwa. Kazi yangu ni kusema "mmm" mara moja kabla ya ibada, kisha nakaa.

Lakini hiyo mmm si kitu cha kudharau. Kwetu Tolliver, huku kaskazini mwa Florida, gitaa la pedali ndilo linaloinua watu vitini, likawaliza, likawachezesha mbele za Bwana. Limelazwa kama meza, lina nyuzi kumi na pedali chini, na linalia kama mtu. Na haliruhusiwi kukazwa kwa kile kidude cha taa, kinachowaka nyekundu uzi ukikosea na kijani ukipatia. Waliotutangulia walisema uzi husikilizwa, hautazamwi. Basi mama mkuu wa kanisa husimama akatoa sauti, mpigaji akakaza uzi mmoja mpaka ulingane na sauti hiyo, na zile tisa zikaufuata ule mmoja. Mama mkuu ni mimi. Walionizidi umri wamekufa, ndivyo nilivyopanda cheo.

Mpigaji ni Thurmond Gaddis, shemeji yangu, aliyemwoa marehemu dada yangu. Amekaa kwenye gitaa hilo tangu ana nywele.

Mwaka huu, tangu Pasaka, gitaa lilianza kuchacha. Si sana. Lilichacha kama maziwa unayoyanusa mara mbili kabla ya kuyamwaga. Akina dada wa safu ya pili wakaanza kukunja nyuso, na walikuwa hawajafika hata kwenye mahubiri. Mama Askofu Zenobia Mackey akamwita Thurmond ofisini. Akamwambia kwamba Jumapili ya Kusanyiko Kuu atasikiliza mwenyewe, na gitaa likiwa bado limechacha, kiti atapewa Ndugu Lavoris Peake wa Ocala.

Lavoris anapiga vizuri, simsingizii. Tatizo lake ni kwamba hajui kumaliza. Alipotutembelea mwaka juzi alipiga mpaka kambare wa kukaanga wakapoa na watu waliookoka wakaanza kusemana.

Thurmond alinieleza habari hiyo barazani kwangu, akiwa ameitazama mikono yake. Akasema, "Nikihamia kwenye benchi, Ovella, hii mikono nitaiweka wapi?"

Nikamwambia aipige makofi kama sisi wengine. Hakucheka, nikajua ni jambo zito.

Jumamosi moja kabla ya Kusanyiko akaniletea gitaa jikoni, akalisimamisha kati ya jiko na friji, na mezani akamwaga pakiti za nyuzi kama mtu anayepiga bao. Alisema kosa lote ni la nyuzi. Nyuzi za siku hizi hazina dini. Alikuwa na za nikeli, ambazo sauti yake ni laini, na za chuma kisichoshika kutu, ambazo sauti yake ni kali. Alikuwa na uzi wa sita uliosokotwa na uzi wa sita mtupu. Alitaka tuchague pamoja, kwa kuwa, alisema, mimi nina sikio. Nilikuwa na sufuria ya mboga inachemka na shingo ya bata mzinga ndani yake, lakini mtu akikusifia sikio unapunguza moto.

Tukaanza na nikeli. Niliudonoa uzi, akafumba macho, akasema una baridi. Tukaweka wa chuma. Nikadonoa, akasema huo una kiburi. Kwa uzi wa sita alitaka ule mtupu, kwa kuwa Lavoris anatumia huo. Nikamkumbusha kwamba ukitoa uliosokotwa ukaweka mtupu, pedali zote zinavuta vingine, itabidi arekebishe kila moja upya, na siku zenyewe zimebaki nane. Akakubali kubaki na uliosokotwa. Akasema hata yeye alikuwa anaelekea huko.

Tukarudia nikeli. Safari hii niliinua kidole, nikakipitisha juu ya uzi bila kuugusa, nikamwuliza, "Na huu je, shemeji?"

Akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu. "Aa, huo sasa. Huo una asali."

Nikafunika sufuria yangu. Nikamwambia, "Thurmond, sijaugusa."

Akafumbua macho. Akasema alijua. Akasema alikuwa ananipima mimi. Nikamwambia pale mjini kuna daktari wa masikio, na vile vifaa vya siku hizi ni vidogo hata nywele zinavificha. Akajibu kwamba vifaa hivyo ni vya viziwi, kisha akauliza nywele ninazozisema ziko wapi.

Lakini kilichonishtua ni uzi wa tatu. Wapigaji wote wanaujua uzi wa tatu. Ni mwembamba kama unywele, unavutwa na pedali kuliko wenzake, na ndio unaokatika. Kwa hiyo mtu mwenye akili anauchagua mwembamba vilevile, anaweka wa akiba mfukoni, anaomba. Thurmond akachukua ulio mnene kupita kawaida. Nikamwambia huo ukikanyagiwa pedali utakatika hata sadaka haijapitishwa.

"Mnene una sauti kubwa," akasema.

"Wewe umepungukiwa sikio, unaongeza uzi."

"Shemeji, angalia mboga yako."

Akafunga nyuzi zake za nikeli, na ule mnene katikati yao, akaondoka. Mboga ilikuwa imeungua kidogo. Nilimpelekea yeye.

Wiki nzima niliomba. Sikumwambia Askofu. Dada yangu angenifufukia. Isitoshe, nilikuwa nimeshapangiwa kukaanga kambare wa Kusanyiko, na sikukusudia kuwala baridi.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka viti vya kukunja. Kwa siku tatu tulikuwa tumeimba asubuhi na jioni, na koo langu lilibaki na mmm moja. Nikaitoa. Thurmond alikuwa amekaa kwenye gitaa, na magotini ametandika taulo jeupe, nene, jipya. Nikadhani ni la jasho, kwa kuwa ni mtu wa jasho. Akainamisha kichwa kuelekea magotini kwa unyenyekevu, akakaza nyuzi, akapiga. Gitaa likatoka safi kama maji ya kisima. Organi ikaafiki. Akina dada wa safu ya pili wakatazamana, nyuso zimenyooka.

Mimi nilishukuru. Nilidhani maombi yangu yamezibua masikio ya mtu.

Alipiga siku ile kama mtu anayejua kinachomngoja. Alililiza gitaa mpaka Shemasi Odom, ambaye magoti yake yana vyuma, akacheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Nami nilipaza sauti na wengine, nikapaza, mpaka nilipotaka kusema amina nikaona kinywa kinafunguka na hakuna kinachotoka. Mama Askofu, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, aliona. Akafungua mkoba, akanipa peremende, akaninong'oneza nisiongee tena mpaka Jumatano.

Hapo hapo Thurmond akakanyaga pedali kwa nguvu zote, na uzi wa tatu ukakatika. Ulilia kama risasi. Sadaka ilikuwa haijapitishwa.

Desturi yetu ni kwamba uzi ukikatika ibadani, organi inanyamaza, ngoma zinanyamaza, watu wote wanasimama kimya, uzi mpya unafungwa, na mama mkuu anatoa sauti tena. Kimya kilichokuwepo ungesikia mtoto akilamba kidole. Thurmond akafunga uzi mwingine. Watu mia tatu wakanigeukia.

Nikasimama. Ningefanya nini? Nikafungua kinywa. Ilitoka pumzi tu, kama tairi ya baiskeli, na harufu ya peremende. Nikajisemea, basi, kiti kimekwenda Ocala.

Thurmond akafumba macho. Akageuza kichwa upande kama kuku aliyesikia mahindi. Akasema, "Asante, Mama." Akafumbua macho, akainama magotini, akakaza uzi taratibu, ukasimama pale hasa ulipotakiwa kusimama. Akaugonga. Organi ikaafiki.

Kanisa likapasuka kwa shangwe. Mimi nilibaki nimesimama na kinywa wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikifunge.

Mama Askofu akanyanyua mkono, watu wakatulia. Alishuka ngazi za madhabahu polepole mpaka mbele ya gitaa. Ana sauti ya kuhubiria uwanjani, na hakuipunguza.

"Ndugu Thurmond, gitaa halijachacha. Nimesikia mwenyewe. Hiyo sauti umeipata wapi?"

"Kwa Mama Ovella," akasema Thurmond, bila kupepesa. "Tena leo alikuwa wazi kuliko miaka yote."

Mama Askofu akageuka akanitazama. Nikaihamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile. Akamgeukia tena Thurmond, akashusha macho magotini pake. Chini ya lile taulo jeupe, jipya, kulikuwa na kitu kinawaka kijani.

Akanyoosha mkono. "Nina jasho, Ndugu Thurmond. Niazime hilo taulo."

Na Thurmond, aliyekuwa anaapa tangu Pasaka kwamba masikio yake ni mazima, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema hajasikia.