Msichana wa Sura ya Kwanza

Kabla ya alfajiri ya Jumanne, kijiko kiligonga kikombe mara tatu jikoni kwa mwalimu wa darasa la tatu. Mwalimu aliishi peke yake, na yeye alikuwa bado kitandani, kwa hiyo alijitupia shuka mabegani akaenda kuona ni nani anayekoroga chai.

Alikuwa bibi mmoja mwenye mvi, amevaa sare ya shule. Sketi yake ilikuwa imeongezwa upindo mara nyingi, kila mara kwa kitambaa tofauti. Mbele yake mezani palikuwa na sufuria yenye mfuniko, na kando ya sufuria kitabu kimoja kikiwa wazi. Kilikuwa miongoni mwa vitabu kumi na kimoja ambavyo mwalimu aliruhusiwa kuazima jana kutoka kwenye kabati la shule ili ajaze fomu.

"Shikamoo," walisema wote wawili kwa pamoja. Mwalimu aliamkia mvi, na bibi aliamkia mwalimu. Wote wakaitikia marahaba, yakaisha.

"Nimekumiminia na wewe," alisema bibi akisogeza kikombe cha pili. "Sukari sikujua unaweka vijiko vingapi."

"Kimoja. Asante. Umetoka wapi, mama?"

"Usiniite mama, mwalimu, mimi ni mtoto. Ndimi Binti wa kitabu hiki. Nina miaka tisa, na mingine hamsini ya kusubiri mlangoni."

Alieleza polepole, huku akipuliza chai. Katika sura ya kwanza mama yake alimtuma arudishe sufuria kwa jirani, akamwambia asichelewe. Alifika, akabisha hodi. Sauti ndani ikasema, "Karibu, sukuma tu." Hapo sura ikaisha. Kitabu kililetwa shuleni kikafungiwa kwenye kabati la vioo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kila mkaguzi aliyekuja alisoma sura ya kwanza kuona kama ina maadili, akagonga muhuri, akakirudisha. Kurasa za sura ya pili zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema Binti. "Mimi imeniumiza na magoti."

Mwalimu alitaka kumsomea sura ya pili palepale. Binti alikataa kwa kutikisa kichwa. Mlango ule, alisema, haumsikii mtu mzima. Kila mkaguzi alipokuwa akisoma yeye alisukuma, na haukutikisika. Alitaka asomewe na mtoto mwenzake, afungue, akabidhi sufuria, arudi kwa mama.

Basi mwalimu akaivuta fomu. Ofisi ya elimu ilikuwa imeandika kwamba kila darasa lichague vitabu vya hadithi visivyozidi kumi kwa ajili ya rafu yake, na orodha ifike Ijumaa. Fomu iliuliza idadi ya kurasa, ugumu wa jalada, na kitabu kitadumu miaka mingapi. Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu alikuwa amejaza fomu za namna hiyo bila kubisha. Asubuhi hiyo alichukua rula akachora safu nyingine pembeni, akaiandika juu: Nani amekiomba?

Walikwenda shuleni pamoja, Binti kabeba sufuria, mwalimu kabeba vitabu.

"Wewe ni bibi wa nani?" watoto walimuuliza.

"Mimi si bibi. Niko darasa la tatu."

"Basi njoo ukae hapa," alisema msichana waliyemwita Mapengo. Alisogeza mkoba wake, akavunja penseli yake vipande viwili, akampa kile chenye ncha.

Mwalimu alivitandaza vitabu juu ya madawati na kuwaambia wavishike. Watoto walimtazama kwanza kuona kama anatania. Kisha walivishika. Walivinusa, walitafuta picha, walikataa kimoja kwa sababu mbwa anakufa ukurasa wa nne, na walikigombania kingine kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu aliandika majina ya walioomba. Kitabu cha waziri mwema mwenye bidii hakikuombwa na mtu, akakikata.

Mapengo alitenganisha kurasa za sura ya pili kwa rula, akaanza kusoma kwa sauti. Mlango ulifunguka. Jirani aliipokea sufuria na kumwambia Binti akae kwanza, mvua inanyesha. Kadiri Mapengo alivyosoma, mvi za Binti zilirudi kuwa nyeusi, na vipande vya upindo vilidondoka sakafuni kimoja kimoja. Sura ilipoisha alionekana kama dada mkubwa wa mtu. Bado alikuwa na sura nzima ya njia ya kurudi kwa mama.

Hapo mwalimu mkuu aliingia. Hakuwa mtu mbaya. Paa la darasa hilo alilipiga misumari kwa mkono wake mwenyewe wakati mafundi hawakuonekana. Ila vitabu alivipenda kama watu wanavyopenda viti vya sebuleni ambavyo bado viko kwenye nailoni, na shule yake ilikuwa imepata cheti cha utunzaji bora wa vitabu miaka kumi na saba mfululizo.

"Mwalimu," alisema, "hawa watoto wana mikono."

"Ndiyo, Mkuu. Kila mmoja miwili."

"Na huyu? Hayumo kwenye daftari la mahudhurio."

"Ametoka kwenye hicho kitabu alichoshika Mapengo."

Mkuu alitazama jalada, akamtazama Binti. "Basi arudi nacho. Kinachotoka kabatini hurudi kabatini."

Ijumaa mwalimu alipeleka orodha, na safu yake ya ziada ikiwa imejaa majina. Ofisi iliipitisha yote, ikaikata ile safu kwa mkasi. Baada ya wiki chache vitabu vipya vililetwa pamoja na rafu, nayo ilikuwa kabati jingine la vioo lenye kufuli. Liliwekwa ukutani kando ya lile la zamani. Mwalimu aliomba ufunguo. Akaambiwa ufunguo ni wa wakaguzi.

Kesho yake, kipindi cha kusoma kilipofika, aliwatoa watoto wote arobaini na watatu akawapanga kwenye ukumbi mwembamba mbele ya makabati. Mhudumu wa ofisi alileta benchi kwa ajili ya wafupi bila kuombwa. Nyuma ya kioo cha kabati la zamani, alikorudishwa na kitabu chake, Binti alikuwa amekisimamisha kikiwa wazi kwenye sura ya tatu. Mapengo alisoma kwa sauti, na wa nyuma wasioona waliwarudia maneno wale waliokuwa nyuma yao zaidi. Ukurasa ulipoisha, mkono mdogo ulitokea ndani ukaugeuza.

Mkuu alitoka ofisini. "Rudini darasani."

"Tukimaliza ukurasa, Mkuu," alisema mwalimu.

Aliwaambia tena. Mwalimu alijibu vilevile, kwa heshima ileile, na wakaumaliza. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Aliandikiwa barua ya onyo. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa benchi uliokuwa ukicheza.

Mkaguzi alikuja, akakuta vitabu safi, akatoa cheti cha kumi na nane. Kufuli lilibaki mahali pake.

Jioni hiyo mwalimu alipita ukumbini akielekea nyumbani. Binti alikuwa ameketi ndani ya kabati, miguu inaning'inia kwenye ukingo wa rafu, meno mawili ya mbele yameanza kulegea. Aliweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mwalimu, kesho mje tena. Zimebaki kurasa sita nifike kwa mama. Na uwalete na wa darasa la pili. Wale wana sauti."