Kifungu cha Nne cha Bajeti ya Mutunga

Mimi ni katibu wa kamati ya matanga ya kanisa letu hapa Kawangware. Sijivunii kazi hiyo wala siionei haya. Nimeandika bajeti thelathini na moja: jeneza, gari la maiti, sufuria za kukodisha, mchele. Bei zote nazijua bila kuuliza mtu. Kwa hivyo Mutunga alipotaka kuchangiwa akapande mlima huko Nepal, mwenyekiti wetu, mzee Muiruri mwenye ploti, hakuona haja ya kuunda kamati mpya. Alisema kamati ni kamati.

Mutunga amebeba mizigo ya watalii Mlima Kenya miaka kumi na mmoja, na siku hizi anawaongoza. Zamani alikuwa mpangaji wa Muiruri. Kodi ilipopanda akahamia Mashimoni, Kibera, lakini kila Jumapili huja kanisani kwa miguu. Mlima anaoutaka una zaidi ya mita elfu nane. Ada ya kampuni inayopandisha watu, na ya kibali, alikuwa amelipa mwenyewe, akamaliza akiba yake yote ya sacco na pikipiki akaiuza. Asipoondoka mwezi wa nane, pesa hizo hazirudi. Nilimwona mjinga, na nilimwambia.

Yaliyobaki niliyaandika kwa fomu yangu ya kila siku, vifungu vinne. Tikiti ya ndege, 130,000. Suti ya manyoya ya bata, 110,000. Mitungi minne ya oksijeni, 260,000. Cha nne, karatasi ya kampuni ilikiita bima ya uokoaji na usafirishaji. Nilisoma maelezo yake mpaka chini kabisa, nikaona wametaja marehemu, nikaandika nilivyozoea: Kurudisha mwili, 85,000.

Mikutano yetu ina utaratibu. Katibu anasoma kifungu, watu wanakichukua, kila mmoja anataja anachotoa. Ukishataja kifungu chako, pesa yako haiendi kwingine. Sheria hiyo tuliipitisha baada ya pesa ya jeneza fulani kununua nyama.

Tikiti ilichukuliwa na wapagazi wenzake. Suti aliichukua Muiruri mwenyewe, ingawa aliuliza mara mbili kama haiwezi kupatikana mtumba. Oksijeni ndiyo iliyoleta kicheko.

"Tununue hewa?" Muiruri akasema. "Secretary, hebu soma tena. Hewa?"

"Mzee, sisi kule Mashimoni tunanunua maji kwa mtungi," Mutunga akamjibu. "Huko juu ni hewa ndio hakuna."

"Si upumue polepole tu," akasema Munyao, fundi wa viatu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka pia. Oksijeni ikapata elfu tatu.

Nikasoma cha nne. Akainuka Nduku, mamake Mutunga, aliyekuwa amewasili kutoka Mwingi asubuhi hiyo. Alifungua fundo la leso, akatoa elfu arobaini. Alikuwa ameuza ng'ombe. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Watu wa Kitui na Machakos walitoa, maana hakuna anayependa mtu wake azikwe ugenini. Wenye ploti walitoa. Hata wale wanaotukwepa kukiwa na msiba wa kweli walitoa. Kifungu kikafika 352,000. Mwenye mwili alikuwa ameketi mbele yetu akinywa soda, na hakuna aliyeona ajabu, mimi nikiwemo.

Jumapili iliyofuata Mutunga alirudi na ombi. Bima ilipwe, na 267,000 zilizozidi zihamishiwe oksijeni. Zingetosha.

"Haiwezekani," Muiruri akasema. "Pesa ya mwili haiguswi. Wewe unajua."

"Lakini chairman, mwili ni wangu."

"Ndio maana haikuhusu."

"Basi nitaenda bila oksijeni," Mutunga akasema. "Nishalipa. Siwezi kukaa."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wapo wanaopanda bila mitungi, wachache sana, na kwamba baadhi yao hubaki hukohuko. Nikawaambia. Muiruri akakuna kichwa, akasema labda kila mtu ahamishe yake kwa hiari, akianza aliyetoa nyingi zaidi. Sote tukamgeukia Nduku. Alikuwa amekaa kwa mwanawe Mashimoni wiki nzima, na sasa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mama Tabby, hiyo hewa ni ya kufanya nini?"

"Ni ya kumsaidia asife huko juu," nikasema. "Ashuke mwenyewe."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Sasa mbona ulinisomea mwili?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya kamati.

"Mwaitu, wacha," Mutunga akamwambia mamake.

"Siachi." Hakupaza sauti. "Niliuza ng'ombe nikijua nanunua njia ya kuletewa mtoto wangu akiwa amelala. Wiki nzima nimemtazama akikula, najiambia huyu nishamzika. Kumbe kulikuwa na njia ya kurudi akitembea, na nyinyi mkaicheka."

Nikalikata jina lake kwenye kifungu cha nne, nikaliandika kwenye cha tatu. Nilipoinua macho, Munyao alikuwa ameshasimama nyuma ya Nduku, akingoja jina lake lihamishwe pia.