Ezra Hakupitishwa Juu ya Jeneza

Hapa Savannah, kusini mwa Marekani, kazi yangu ni kuwatisha watalii. Nawazungusha kwenye viwanja vya zamani, nawatungia mizimu, wananipa bakshishi. Kwa hiyo bibi yetu, Ardelia, alipofariki, na mdogo wake, Bibi Verdell, akataka mtoto mchanga wa nyumba yetu apitishwe juu ya jeneza, mkono kwa mkono, ili marehemu asije akamfuata, wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

"Mwanangu si mpira wa kupasiana," alisema dada yangu Latrice, akimkumbatia Ezra. "Na Bibi alimpenda mno."

"Ndiyo maana," alijibu Bibi Verdell.

Tukazika bila kumpitisha. Tukarudi kula wali mwekundu na kamba wa kukaanga.

Jioni ile Ezra alianza kukiinulia mikono kiti cha Bibi pale barazani, kama mtoto anayetaka kubebwa. Kiti kilikuwa kitupu. Akakichekea. Kesho yake hakulia kwa njaa. Keshokutwa yake alikataa ziwa. Daktari akasema haoni ugonjwa. Latrice alipomwingiza ndani, Ezra aligeuza shingo kukitazama kile kiti mpaka mlango ulipofungwa.

"Tavaris, niambie huu ni upuuzi," Latrice aliniomba. "Si wewe ndiye mtaalamu wa mizimu?"

"Mizimu yangu yote ni ya uongo, dada. Huyu sijamtunga."

Tukamwita Bibi Verdell, tukaenda naye makaburini jua likiwa bado kali, ili Ezra apitishwe juu ya kaburi. Kikombe cha Bibi na miwani yake vilikuwa juu ya kaburi, palepale tulipomwachia siku ya mazishi, kama desturi yetu. Bibi Verdell alisimama upande mmoja na Ezra, mimi ng'ambo.

"Ardelia, dada yangu," alisema taratibu, "huyu bado ana kazi huku. Mwache."

Akanipitishia. Nikamrudishia. Safari ya tatu Ezra alifika katikati akawa mzito. Alikuwa anatazama chini, anacheka, mguu mmoja umenyooka kuelekea kaburini kama umeshikwa.

"Vuta," Latrice alinong'ona.

Nikavuta. Soksi ikamchomoka, ikabaki kando ya kikombe. Ndipo Ezra akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Latrice aliinama kuiokota.

"Hiyo mwachie," alisema Bibi Verdell.

Tukaondoka bila kugeuka nyuma. Ezra alilia njia nzima mpaka nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.