Suti ya Msaragambo

Mjukuu wangu Agape hupakia magunia mawili ya tangawizi kwenye pikipiki na kushuka nayo hadi Maore bondeni, kwa barabara ambayo hata mbuzi huishuka akisali. Basi tuliposikia kwamba kwenye mashindano ya mwaka huu, ya kupanda kutoka Maore hadi kijijini kwetu, atakuwepo mwenye timu kutoka Moshi anayetafuta dereva mmoja wa kumwajiri, tulijua ni nani. Hata wapinzani wake walijua, wakaanza kumsalimia kwa adabu.

Kisha zikaja kanuni mpya kwenye simu. Kila dereva awe na helmeti, buti na suti ya ngozi, vyote vyenye lebo ya kimataifa. Kanuni zile zile za wanaokimbia kwenye lami mpaka machozi yanawatoka. Sisi huku, kwa kona zetu, anayekimbia sana humpita kuku. Helmeti na buti Agape aliazima. Suti sasa! Bei yake ingenunua pikipiki yake na kubakiza ya mafuta.

"Basi, Bibi. Waliobaki na suti ni wawili tu, watoto wa matajiri. Watashindana wao," Agape akasema.

"Nyamaza. Kuna watu hapa."

Pembe ikapulizwa, tukaitana msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kama tunavyoitana kuzibua mfereji. Rafiki yangu Nalotuesha, mfugaji wa tambarare, akaleta ngozi ya ng'ombe. Vitus fundi viatu akakata. Sisi kina mama wa kwaya tukashona, tukiimba na kusengenya, kwenye viwiko tukaweka raba ya tairi. Ikatoka suti inayosimama yenyewe bila mtu ndani. Ilinukia zizi kidogo. Nikasema vizuri, walioachwa nyuma watajua kapita wapi. Hatukuwa na wasiwasi. Kwetu kazi ya msaragambo haikataliwi. Atakayeikataa atapita wapi, na barabara yenyewe ni ya msaragambo?

Asubuhi ya mashindano akaja mkaguzi, Bwana Clemence, kijana mpole wa shati jeupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako ile pale."

Akaivuta suti, akaikwaruza kwa ufunguo, akaipiga ngumi, akaupuliza mkono.

"Imara kuliko yangu," akasema. "Lakini haina lebo."

"Tutashona. Unataka ya rangi gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, hapo ndipo nilipoogopa.

"Bibi yangu, akianguka sitaulizwa ngozi. Nitaulizwa lebo."

"Nani mwenye uwezo wa kumruhusu?"

"Wako Dar es Salaam. Na wao wanasema kanuni wameletewa kutoka nje."

Mwenyekiti akaomba. Mchungaji akaomba, kwanza kwa mkaguzi, kisha kwa Mungu. Agape akaivua suti. Haikukunjika, Vitus akaibeba begani kama mgonjwa.

Madereva wengine walishatangulia Maore. Gari la mkaguzi likagoma kuwaka, na bila bendera yake hakuna kuanza. Wakasukuma, wapi! Mwishowe akasogea kwa Agape, macho chini.

"Dada, naomba unifikishe."

Mgeni hanyimwi msaada. "Panda," Agape akasema.

"Na mimi," nikasema.

"Bibi, mshikaki wa watu watatu ni kosa!" mkaguzi akasema.

"Helmeti yako iko wapi?"

Ilikuwa Maore. Nikapanda nyuma yake. Nilikuwa na hila yangu: mwenye timu atamwona tukishuka.

Agape aliziingia kona kama mtu anayejigeuza kitandani. Mkaguzi alimwita Yesu kwa majina yake yote. Tulipofika, mwenye timu alikuwa amesimama pale pale nilipotaka, mdomo wazi.

"Huyo dereva ni nani?"

"Bodaboda tu," mkaguzi akasema, akijikung'uta vumbi. "Hashindani."

"Mjukuu wangu!" nikadakia. "Mchukue huyu."

Mwenye timu akamtazama Agape, akamtazama tena.

"Mama, ningependa. Lakini wafadhili wangu wanataka mshindi wa leo. Nikipeleka asiyeshindana, nitawaambia nini?"

Nikamvuta Agape pembeni ya barabara.

Bendera ikashuka. Pikipiki mbili zikaondoka, madereva wake wana lebo hadi viatuni. Kwenye mwinuko wa kwanza mmoja akaanza kukwama, injini ikilia.

"Weka gia ya kwanza," Agape akamwambia taratibu, tukiwa tumesimama pembeni.

Hakumsikia. Alikuwa na helmeti nzuri sana.