Baridi ya Saa Tisa Usiku

Kilikuwa kidogo kama kikopo cha filamu ya kamera, cheusi, chenye taa moja nyekundu isiyozidi punje ya mtama. Kivuti, fundi wa mafriji kutoka Embu mjini, alikiweka juu ya meza yangu ya sindano akasema, "Sista Karimi, huyu ndiye askari wako mpya. Halali, haendi choo, haendi mazishini."

Nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka mpaka jino la mwisho likaonekana, kwa maana siku hiyo sikuwa na la kuficha.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa tisini na saba. Zahanati yetu ya huku chini Mbeere haikuwa na stima. Ilikuwa na vyumba viwili vya bati, mimi muuguzi wa pekee, Mzee Munyi aliyekuwa mlinzi na mfagiaji, na friji ya mafuta ya taa. Wageni walikuwa wakiishangaa friji ile. Chini yake kuna utambi unaowaka, na ukiongeza moto ndipo inapozidi kupoa. Mzee Munyi alikataa katakata kuamini, akasema hayo ni mambo ya kumuuliza padre.

Kivuti alikunjua kompyuta yake ya kubebwa, akachomeka waya kwenye kile kikopo. "Kwanza tunakifundisha saa," alisema. "Saa ikikosewa, mengine yote ni bure." Akaandika jina la zahanati, akakiamuru kipime joto kila nusu saa, kianze saa sita kamili za mchana. Kisha akafungua friji, akakiweka rafu ya kati, katikati ya vichupa vya chanjo. "Si kando ya ukuta, kitapima ukuta. Si mlangoni, kitapima upepo. Kikae pale wanapokaa wenyewe." Taa ikapepesa mara moja. "Kimeamka. Usikiguse. Nitarudi baada ya mwezi nikisikie kinasema nini."

Kinasa joto, ndivyo alivyokiita. Mimi sikukihitaji. Mlangoni pa friji palikuwa na kadi yangu, na kadi yangu ilikuwa safi kama shuka ya bibi harusi: kila siku saa tatu asubuhi na saa nane mchana niliandika joto, na joto halikutoka kati ya nyuzi mbili na nane. Januari hapo nyuma mkaguzi mmoja aliikuta friji ina nyuzi kumi na moja. Alinifokea mbele ya wagonjwa kana kwamba nimekojoa kitandani. Joto linaua chanjo, mama, hukusoma? Tangu siku hiyo niliapa. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani niliupandisha utambi, kwa sababu usiku friji haina wa kuiangalia. Asubuhi saa moja niliushusha. Nani angeniambia kuna kosa hapo?

Wiki ileile alikuja Purity kudungwa sindano yake ya pili ya pepopunda. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza nilimzika naye mwaka juzi. Alizaliwa nyumbani, akanyonya siku sita vizuri, siku ya saba akakataa ziwa, siku ya nane taya likakaza na mgongo ukapinda kama upinde. Purity hakuwahi kudungwa wakati ule. Mara hii alikuja bila kuitwa, akakunja mkono wa gauni mwenyewe.

"Sista, huyu je?"

"Huyu hagusiki," nilimwambia, sindano ikiwa mkononi. "Nimekukinga wewe na yeye pamoja. Niamini."

"Nimekuamini," alisema. Akashuka njia ya mawe akiwa amejishika kiuno.

Siku kumi baadaye nikaletewa habari kwamba shangazi yangu aliyenilea, kule Mikinduri, ametangulia. Nikamwachia Munyi mafuta na maneno mawili tu: tia mafuta, usiguse kitu. Nilikaa siku nne. Niliporudi, macho yamevimba kwa kulia, kitu cha kwanza nilichoona ni visanduku vinane vitupu kwenye kadi. Wakaguzi wetu walikuwa na ugonjwa mmoja, kuchukia kisanduku kitupu. Muuguzi mwenzangu wa upande wa juu alishahamishwa kwa ajili ya vitatu. Basi nikashika kalamu, nikasimama palepale na mkoba begani, nikajaza: nne, tano, nne, sita, tano, sita, nne, tano. Kwa wino. Mkono uliizoea kazi, akili ilikuwa bado kaburini.

Kisha nikafungua friji kutoa chanjo ya surua. Pale rafu ya kati, kitaa chekundu kikapepesa.

Jamani! Nilifunga mlango, nikaufungua, nikafunga tena. Kile kidude kilikuwapo siku zote nne. Kilijua joto la kila nusu saa, na mimi nilikuwa nimekiandikia ushahidi wa uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kuhamishwa ni kwa kisanduku kitupu. Kwa kisanduku cha uongo unafutwa, na jina lako linasomwa kwenye mikutano.

Wiki mbili zilizofuata sikuwa mtu. Chakula kilinishinda. Gari likikohoa barabarani, nakimbilia dirishani. Nilifikiri kukitia kwenye maji ya moto. Nilifikiri kusema panya amekibeba, nikajicheka, panya gani anayefungua friji? Siku moja nilikitoa kabisa, nikakishika kiganjani. Kilikuwa baridi, chepesi, hakina hata sauti. Nikaogopa kwamba hata kushikwa huko kutaandikwa, nikakirudisha mbio. Na kila jioni, kwa woga uleule, niliupandisha utambi juu zaidi. Kama kuna siku moja mbaya, basi zilizobaki ziwe nzuri kupita kiasi.

Kivuti alirudi Jumatano ya katikati ya Agosti. Munyi alimletea kiti. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Akachomeka waya, akangoja, na mstari ukajichora kwenye kioo, milima na mabonde, mwezi mzima.

Alitazama kioo, akatazama kadi, akarudia kioo.

"Sista, hizi siku nne," alisema akizigusa kwa kidole, "ulikuwa wapi?"

"Mikinduri, mazishini." Sauti ilinitoka kabla sijaitafutia njia. "Kadi niliijaza niliporudi. Ni uongo, Kivuti. Andika hivyo, nimechoka."

Akaangua kicheko. "Uongo? Hebu ona. Nne, tano, sita, usiku na mchana. Katika mwezi mzima hizi ndizo siku zako nzuri. Munyi, ulifanya nini hapa?"

"Mimi nilitia mafuta," Munyi alijitetea. "Sikugusa kitu, aliniambia."

Nilihisi pumzi ikiniingia mpaka kwenye kucha. Nikaanza kucheka nami. Lakini Kivuti alikuwa ameshaacha kucheka.

"Hizi nyingine ndizo sizielewi," alisema. "Kila usiku ukiwapo, mstari unaanguka. Tazama, saa tisa usiku, nyuzi nne chini ya sufuri. Usiku huu pia. Na huu. Jioni unaifanya nini friji hii?"

"Naongeza moto."

"Kwa nini?"

"Naogopa joto."

"Halafu asubuhi?"

"Naushusha saa moja. Saa tatu nasoma."

"Saa tatu jua limeshapiga bati, joto limepanda hadi nyuzi tatu, unaandika tatu, unashukuru Mungu." Alijipangusa uso. "Sista, Julai hata huku chini usiku una baridi yake. Ukiongeza moto unagandisha kila kitu."

"Lakini chanjo ikipata baridi si ndiyo heri?"

"Ya surua haina neno. Ya polio haina neno." Alikuwa akiongea polepole sasa, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. "Ya pepopunda ikiganda imekufa. Ukimdunga mtu, umemdunga maji."

Alitoa sandukuni mwake kichupa kimoja cha pepopunda ambacho hakijawahi kuganda, akatoa kimoja cha kwangu, akavitikisa vyote viwili kwa nguvu katika mkono mmoja, akavisimamisha mezani. Vyote vikawa vyeupe kama maji ya kuoshea mchele. "Ngoja," alisema.

Tukangoja. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia, kuku wanaparua. Kichupa chake kilibaki na ukungu wake uleule. Changu kilianza kujitenga. Vipande vidogo, kama ngozi ya maziwa yaliyokatika, vilishuka kimoja kimoja vikakaa chini, na juu yao yakabaki maji safi, safi kabisa, unaweza kumwona mtu upande wa pili. Haikufika nusu saa. Kumbe muda wote nilikuwa nimeogopa mwizi wa mlangoni, na kikulacho ki nguoni mwako.

Nililitoa daftari la wajawazito. Tangu Januari, wanawake arobaini na mmoja. Kivuti alisoma majina, Munyi, anayejua nyumba zote, akajibu: huyu alijifungua Machi, mtoto anatambaa, huyu bado miezi mitatu, huyu alikwenda kwao. Hatari ya pepopunda kwa mtoto ni wiki mbili za mwanzo. Waliovuka walikuwa wamevuka kwa rehema ya Mungu, si yangu. Wasiojifungua wangedungwa upya.

"Purity?" aliuliza Kivuti.

"Alijifungua Alhamisi," alisema Munyi. "Kwa mama mkwe wake. Mvulana. Wamefurahi hao!"

Nilihesabu kwa vidole ingawa sikuhitaji vidole. Siku sita.

Kivuti alifunga kompyuta. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo sababu maneno yake yalinijaribu sana. "Ripoti inafika ofisini Ijumaa," alisema. "Itasema friji, haitasema Karimi. Wanawake unaweza kuwaita tu, uwaambie ni amri kutoka juu, sindano ya ziada. Na huyu wa siku sita... pengine hana neno. Wengine wote hawakuwa na neno."

Pengine. Nililitamani neno lile. Ningeweza kukaa kwenye kiti changu, nikafunga zahanati saa kumi kama kawaida, na siku nane zikapita zenyewe. Mtoto akipona, hakuna aliyejua. Akifa, watoto hufa, na huku kwetu hakuna anayemshitaki muuguzi kwa kifo cha mtoto. Watasema nyumba ile ina mkosi. Hilo ndilo lililoniinua. Watasema Purity ana mkosi.

"Nipeleke," nilimwambia. "Na gari lingoje. Huenda tukaenda hospitali."

Gari liliishia kwenye mkondo wa mchanga, nikapanda kilima kwa miguu. Kwa mzazi hakuendwi mikono mitupu. Mwanamke mwenye adabu hubeba uji wa mtama kwenye kibuyu, au walau kuni. Mimi sikuwa na kitu. Purity alikuwa ameketi kwenye ngozi kivulini mwa ghala, peke yake, mama mkwe yuko shambani. Aliponiona aliinua mikono yote miwili.

"Sista! Umekuja kumwona mtoto wako!" Alikuwa amenenepa uso. "Njoo umshike. Nilimwambia mama, huyu ana kinga, mwache alie anavyotaka."

Nilimpokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, mwenye nywele nyingi, amelala. Kitovu kilikuwa kikavu, kimefungwa uzi mweusi. Nilimgusa shavu kwa kidole, mahali ambapo mtoto akiguswa hugeuza kichwa kutafuta ziwa. Hakugeuza.

"Kanyonya saa ngapi?"

"Alfajiri. Leo amekuwa mvivu kidogo." Alitabasamu. "Wanaume."

Nilimbana mtoto kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno ya kitaalamu, marefu, yenye pa kujificha. Yote yalinitoroka.

"Purity, ile sindano niliyokudunga ilikuwa imekufa," nilisema. "Zote mbili. Niliziua mimi, kwa kuzigandisha. Sikujua mpaka leo. Hukukingwa. Kuna gari pale chini, twende hospitali sasa hivi."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, au angenipiga. Tabasamu likiwa bado limesahaulika mdomoni, akanyoosha mikono akanipokonya mtoto wake. Akafungua vifungo vya gauni kwa haraka, kimoja kikaruka. Akalishika ziwa, akalisogeza kwenye midomo ile iliyofungwa, na tone la maziwa likamtiririka mtoto shavuni mpaka sikioni.

"Nyonya, baba," alisema.

Nilipiga magoti mbele yao, uso wangu karibu mno na ule mdomo mdogo, kupita ilivyo heshima. Tone la pili likaanguka.

"Nyonya, baba," alisema tena, na mara hii alikuwa akinitazama mimi.