Sabuni za Hongera

Jamani, mtu akijifungua hapa Bagara, kwa nini kila anayekuja kumwona mzazi lazima abebe sabuni ya maji? Mkwe wangu Evelyne amejifungua mtoto wa kiume, Silas, nami nikatoka kwangu Bonga kuja kumwogesha mjukuu. Hiyo ndiyo kazi ya bibi. Wajukuu zangu wote wamepita kwenye mikono hii, na hakuna mama aliyewahi kuniambia nipumzike.

Sasa sikilizeni vituko. Mgeni anakuja, anatoa hongera, anaacha chupa ya sabuni. Mgeni haachwi aondoke hivi hivi, lazima anywe chai, ale wali. Akiondoka anaacha vyombo. Vyombo naviosha mimi, kwa sabuni aliyoleta yeye! Na sabuni zenyewe wanakoroga majumbani, wanajaza kwenye chupa kuukuu za maji, kali kama nini. Eti inaondoa mafuta. Mafuta gani, inaondoa ngozi! Vidole vyangu vikapasuka, viganja vikawa kama msasa. Na chupa tupu zikajaa nyuma ya choo mpaka kuku wakakosa njia.

Siku moja nikamwingiza Silas kwenye beseni, akalia mpaka sauti ikakauka. Namtoa, mgongoni ana mikwaruzo. Evelyne akamchukua taratibu. "Mama, wewe pumzika tu, nitamwogesha mwenyewe." Kwa heshima zote. Nikaenda jikoni nikalia, tena kwa hasira. Nimetoka Bonga kuja kuosha sahani?

Nikaenda sokoni. Namwambia muuzaji, nataka sabuni ya vyombo isiyochoma mikono. Akanipa chupa ya zambarau. Nikamwambia, baba, sitaki chupa, sitaki rangi, sitaki harufu ya maua kwenye sufuria ya ugali. Akanipa ya kijani. Nusura nimpige! Nilipokuwa natoka nikaona kwa Dorika, muuza madodoki, vipande vya sabuni vimefungwa kwenye gazeti. Kina mama wa Singe wanaitengeneza kwa mafuta ya alizeti. Nikainusa, hainuki chochote. Nikanawa pale pale kwenye ndoo yake, nikasubiri kuwashwa. Wapi! Nikanunua, na dodoki nikachukua.

Povu lake ni dogo, siwadanganyi, na sufuria ya nyama inataka maji ya moto na kusugua kweli kweli. Lakini mikono ilipona. Leo asubuhi Evelyne ameshika viganja vyangu, akavipapasa, kisha akanipa mtoto. Silas hakulia. Alitulia majini ananitazama, nami sikutaka hata kumtoa. Nilifurahi, jamani, nilifurahi!

Ndipo nikasikia hodi. Jirani yetu, Mama Wolfgang, na dumu mkononi.

"Shikamoo bibi! Hongereni! Nimewaletea sabuni ya vyombo, nimeikoroga mwenyewe. Hii inang'arisha!"

Evelyne akaniangalia kwa wasiwasi. Mjukuu nilikuwa naye kifuani, bado amelowa.

"Marahaba, mwanangu. Asante sana," nikasema. "Vyombo vya jana viko pale nyuma, vyote. Kaanze navyo."

Akacheka, akidhani natania. Mimi sikucheka. Akaangalia dumu lake, akaangalia vidole vyake.

"Aa, bibi," akasema, "mimi hii siioshei. Inanichoma mikono."