Mstari Unaofuata

Nyangi alikuwa na ule uchovu ambao hata usingizi wa mchana hauuondoi. Tangu mama mkwe wake, Ghati, apooze upande mmoja na kuletwa kutoka Butiama hadi nyumbani kwao Nyasho, yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akaamka kila alipoguna. Mumewe, Mugeta, alikuwa kambini visiwani akivua dagaa, na wanaume wakiwa kambini huuguza kwa simu.

Jumuiya ya kanisani ilikuja, ikasali, ikaimba, ikaacha sabuni. Kila aliyeaga alimshika bega na kumwachia mstari uleule: nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Mwanzoni ulimtia nguvu kweli. Siku hizi akiusikia alijua tu kwamba na huyu anaondoka.

Jumapili akaja wifi yake, Susana, kutoka Bunda, amependeza, kachukua na ndizi. Kwa mila yao binti akishatolewa ng'ombe ni mgeni kwao. Mgonjwa ni kazi ya mkamwana. Susana aliishika mila hiyo kwa mikono miwili, maana ilimpumzisha. Alikaa karibu na mlango, akala ugali na sato, akamsifu Nyangi mpaka sifa zikakinaisha.

"Wifi, naomba ubaki wiki hii," Nyangi alisema. Maneno hayo alikuwa akiyapanga tangu asubuhi. "Nilale tu. Nimechoka, wifi. Nikiendelea hivi na mimi mtakuja kuniuguza."

"Wewe unawezaga. Mimi hapa ni mgeni, nikimvua mama nguo watu watasemaje?" Susana akaichukua Biblia juu ya kabati. "Ngoja nikuachie neno, niwahi gari."

Akasoma kwa sauti yake nzuri ya kwaya. Nayaweza mambo yote. Nyangi aliketi sakafuni, akaegemea ukuta. Alitaka kulia, nguvu za kulia akazikosa.

"Aliyesema hivyo alikuwa wapi?"

Sauti ilitoka kitandani, nzito, ya upande mmoja wa mdomo. Susana akageuka.

"Ni Paulo, mama. Alikuwa amefungwa."

"Peke yake?"

"Hapo sijui."

"Si kitabu unacho? Soma mbele."

Susana akasoma mbele. Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu. Akaendelea, sasa polepole kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani: Wafilipi walimpelekea Paulo msaada, wakampelekea tena, wakatuma na mtu wa kumhudumia. Miaka yote hiyo aliyoimba kwaya, mstari wa juu aliujua kwa moyo; huu wa chini yake hakuwahi kuufikia.

"Kumbe alikuwa na watu," Ghati alisema. Akapumzika kidogo, maana kuongea kulimchosha. "Na huyu mnayemwambia anaweza, mmemletea nani?"

Susana aliifunga Biblia, akautazama mlango, akamtazama mama yake.

"Nimelowa, Susana," Ghati alisema. "Nibadilishe."

Susana akaweka mkoba chini. Akafunua shuka, akasimama, mikono haijui ianzie wapi, kwa mama yake mwenyewe.

"Wifi," aliita kwa sauti ndogo, "naanzaje?"

Nyangi hakusikia. Alikuwa amelala palepale ukutani, mdomo wazi.